Mpiga Kura Anasingiziwa

Septemba 1958 mpiga kura wa Tanganyika hakuulizwa kama anachagua kwa rangi. Aliamriwa. Sheria ilimtaka achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukimchagua Mwafrika wako ukaziacha nafasi mbili wazi, kura imeharibika. Ndiyo maana wazee waliuita uchaguzi wa kura tatu. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni nane, Waasia wasiofika laki moja na Wazungu kama elfu ishirini, lakini kila kundi lilipewa viti sawa, kumi kumi kumi. Na kura yenyewe haikuwa ya kila mtu. Ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi elfu tatu za wakati ule, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali.

Naanzia huko kwa sababu kila uchaguzi unapokaribia, Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na hata Washington, hurudi maneno yale yale: wananchi hawako tayari kumchagua mwanamke, wananchi wataangalia rangi, wananchi wataangalia kabila. Husemwa kwa sauti ya masikitiko, kana kwamba msemaji mwenyewe hana neno, tatizo ni hao watu wa chini. Mimi naona mpiga kura anasingiziwa. Mara nyingi rangi na jinsia huwa zimekwisha kufanya kazi yake kabla karatasi ya kura haijachapishwa, na mwananchi huletewa mabaki achague humo, kisha lawama anatupiwa yeye. Kura tatu ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote nilionao, maana pale ubaguzi uliandikwa kwenye sheria, halafu ukashindwa na hesabu.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie kwenye uchaguzi huo au iususie. Wengi walioingia ukumbini walikuwa wa kususia, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Unaambiwa chama chako, ambacho wakati huo wanachama wake ni Waafrika watupu, kikampigie kampeni Mzungu na Mhindi ili kura yako ihesabiwe. Nyerere aliwageuza. Zuberi Mtemvu hakugeuka. Alitoka akaanzisha African National Congress, chama kilichosema Afrika ni ya Waafrika peke yao.

Alichokiona Nyerere, na ambacho Gavana Twining na watu wa chama cha UTP (United Tanganyika Party) hawakukiona, ni kwamba sheria ile ilikuwa na tundu. Kila mpiga kura alikuwa na kura tatu. Kwa hiyo mgombea Mzungu hakuchaguliwa na Wazungu wenzake. Alichaguliwa na kila aliyejiandikisha, na Waafrika, pamoja na vikwazo vyote vile vya kipato na elimu, ndio waliokuwa wengi. Mzungu asiyekubalika kwa Waafrika hakuwa na pa kupata kura. TANU ikatafuta Wazungu na Waasia inaoweza kusimama nao jukwaani, ikawaambia watu wake majina matatu ya kuchagua, na watu wakachagua majina hayo hayo. UTP, chama kilichobuniwa kuhubiri mchanganyiko wa rangi kwa masharti ya serikali ya kikoloni, kilifagiliwa. Duru ya pili, Februari 1959, haikuwa na mshindo wowote. Sehemu nyingi wagombea wa TANU walipita bila kupingwa.

Kuna jambo katika matokeo yale ambalo huwa halisemwi. Walioingia Baraza la Kutunga Sheria kwa uchaguzi ule walikuwamo wanawake: Lady Marion Chesham, Sophia Mustafa na Barbro Johansson. Wa kwanza na wa tatu walisimama kwenye viti vya Wazungu, wa pili kwenye kiti cha Waasia. Mwanamke Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Na hii ni TANU ambayo Bibi Titi Mohamed aliijazia wanawake tangu 1955, akipita nyumba kwa nyumba, kikundi cha ngoma kwa kikundi cha ngoma, mpaka mikutano ya Mnazi Mmoja ikawa haikamiliki bila khanga. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na darasa la nane wala mshahara wa shilingi elfu tatu. Walijaza viwanja, siku ya kura wakabaki nyumbani.

Sasa niambie, je, wapiga kura wa 1958 walimkataa mwanamke Mwafrika? Hawakuletewa. Walipoletewa mwanamke Mzungu na mwanamke Mwasia, wanaume wa Kiafrika waliokuwa wengi kwenye daftari waliwapigia kura. Mimi nadhani, na hii ni tafsiri yangu, viti vya Wazungu na Waasia vilikuwa na wanaume wachache wa kuvigombania ndani ya kambi ya TANU, kwa hiyo mwanamke alipata upenyo. Viti vya Waafrika vilikuwa na foleni ndefu ya walimu, machifu na viongozi wa ushirika, wote wanaume. Kila penye foleni, mwanamke husogezwa nyuma. Bibi Titi aliingia bungeni 1960, miaka miwili baadaye, uchaguzi ambao kati ya viti 71, TANU ilipoteza kimoja tu, Mbulu, na hicho nacho kilichukuliwa na mwana TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea wa chama chake.

Ukitaka kuona rangi ikiwekwa mezani waziwazi, njoo 1962. Urais wa kwanza wa Jamhuri ulikuwa na wagombea wawili, Nyerere na Mtemvu. Mtemvu hakuficha alichokuwa anakiuza. Alipata kura 21,276. Nyerere alivuka milioni moja na laki moja. Sitaki kudai kwamba kila kura ya Nyerere ilikuwa kura ya kukataa ubaguzi. Mtu yule alipendwa, na alikuwa na chama nchi nzima nyuma yake wakati mwenzake hakuwa na kitu. Lakini kama rangi ndiyo inayoendesha mkono wa mpiga kura, na nchi imetoka ukoloni mwaka mmoja tu uliopita, mshahara wa Mzungu bado ni mara kadhaa ya mshahara wa Mwafrika, basi soko la Mtemvu lilipaswa kuwa kubwa kuliko kura elfu ishirini na moja.

Halafu 1965, uchaguzi ninaoupenda kuliko wote katika historia yetu, pamoja na kwamba ulikuwa wa chama kimoja. Kila jimbo lilipaswa kuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakasema kwa zamu, na kwa Kiswahili tu. Kilugha kilikatazwa, na kumshambulia mwenzako kwa kabila, dini au rangi kulikatazwa vilevile. Wagombea walichobakiwa nacho ni kazi waliyoifanya na zile alama mbili. Wajanja waligeuza alama kuwa hoja: huyu akisema jembe ndilo linalowalisha, yule akisema bila nyumba hilo jembe utaliweka wapi.

Derek Bryceson, Mzungu, mkulima aliyekuwa rubani wa ndege za kivita za Uingereza, alisimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika na akashinda kwa kishindo. Amir Jamal, Mwasia, alishinda Morogoro. Paul Bomani, waziri wa fedha, Msukuma kati ya Wasukuma, mtu aliyewajengea wakulima wa pamba ushirika uliosifika Afrika nzima, aliangushwa Mwanza, na wakulima hao hao hawakuficha manung'uniko yao juu ya bei na makato ya pamba. Bibi Titi, mama wa mikutano yote ile, aliangushwa Rufiji. Lucy Lameck, mwanamke, alishinda Kilimanjaro.

Panga majina hayo matano kwa rangi, hupati mstari. Yapange kwa jinsia, hupati. Yapange kwa uenyeji, huyu ni mwenyeji huyu mgeni, ndio kabisa: mwenyeji kaanguka Mwanza, mgeni kapeta Dar es Salaam. Kinachobaki ni watu waliokuwa wanajua nani amewafanyia nini, au wanaodhani wanajua, na ambao kwa mara moja waliletewa majina mawili yenye nafasi sawa. Usawa ule ulitoka wapi? Kwenye utaratibu. Dola ililipia kampeni, chama kilikataza matusi, na Halmashauri Kuu iliyaacha majina kama ya Bryceson na Lameck yapite. Halmashauri hiyo hiyo ingeyakata, leo tungekuwa tunaandika kwamba Watanganyika wa 1965 hawakuwa tayari kwa Mzungu wala kwa mwanamke.

Atakayenipinga atanipeleka Zanzibar, na ana haki. Kati ya 1957 na 1963, miaka ambayo Wazanzibari wenyewe huiita zama za siasa, watu waligawanyika mpaka wakasusiana maduka na mazishi. Wakulima waliokaa kwenye mashamba ya mikarafuu ya Waarabu walifukuzwa kwa sababu ya chama walichokiunga mkono. Karume alimbwaga Ali Muhsin Ng'ambo mwaka 1957 na Hizbu, yaani ZNP, chama cha Ali Muhsin, ikatoka mikono mitupu. Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilichukuliwa na ASP, chama cha Karume, kwa tofauti ya kura moja. Matokeo ya visiwa vyote yalikuwa ASP 10, Hizbu 9, ZPPP 3, na wale watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo na watu 68 wakafa katika ghasia. Ukiangalia haya kwa haraka utasema hapa hakuna cha kujadili: Waarabu na Waafrika.

Angalia taratibu. Kura hazikujipanga kwa rangi, zilijipanga kwa ardhi. Mshirazi wa Pemba alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe. Ameoana na jirani yake Mwarabu, hana shamba la kufukuzwa, na anayemwogopa zaidi ni mgeni kutoka bara anayekuja kufanya kazi ya kibarua. Huyo aliipa kura Hizbu na, zaidi, ZPPP ya Mohamed Shamte. Mshirazi wa Unguja, na Mwafrika aliyelima kwenye shamba la mtu kwa hisani, walikuwa na hesabu tofauti kabisa. Jina ni lile lile, Mshirazi, dini moja, lugha moja, visiwa viwili vinavyoonana kwa mashua ya siku moja, na kura zikaenda pande mbili. Viongozi wa vyama waliziita hesabu hizo rangi kwa sababu neno rangi linaamsha watu upesi kuliko maneno mkataba wa kukaa shambani. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Mpiga kura alisema neno moja, mipaka ya majimbo ikasema lingine, na miezi sita baadaye ikaja Januari 1964.

Kwa hiyo sisemi mpiga kura ni malaika. Rangi inaweza kubeba hofu halisi, na wanasiasa wanajua kuipakia. Ninachosema ni kwamba hata pale ilipobeba, palikuwa na kitu ndani ya mzigo, na palikuwa na mtu aliyefunga.

Bara, suala la rangi kwenye sanduku la kura limekufa, au limelala. Mbunge mwenye asili ya Kiasia hupigiwa kura huku watu wakijadili barabara na maji. Kilichobaki ni jinsia, na hapa ndipo wasomi wetu wa baraza la kahawa wanapopenda kusema "wananchi hawataki."

Katika uchaguzi wa 2020 majimbo yalikuwa 264. Wanawake waliochaguliwa kwenye majimbo hayo hawakufika kumi kwa mia. Takwimu hiyo hutupwa mezani kama hukumu ya mwisho. Lakini jimbo lenye wagombea wa vyama vikubwa ambao wote ni wanaume haliwezi kutoa mbunge mwanamke hata kama kila mkazi wake ni mwanaharakati. Swali la kwanza ni majimbo mangapi yaliletewa mwanamke na chama chenye nafasi ya kushinda. Na anayeamua hilo simjui kwa jina la mpiga kura. Namjua kwa jina la mjumbe, yule anayepiga kura za maoni za kuchuja wagombea ndani ya chama.

Julai 2020, baada ya kura za maoni za CCM, mitandao ilijaa msemo mmoja: wajumbe si watu. Walioangushwa walisimulia jinsi walivyokula nao, wakacheka nao, wakaahidiwa, na sandukuni wakapata kura tatu, moja ikiwa yao wenyewe. Tulicheka wiki nzima. Ila kicheko kilituficha jambo. Mjumbe ndiye mpiga kura wa kweli katika majimbo mengi, na mjumbe ana gharama. Anatakiwa kutembelewa, usiku mara nyingi, anatakiwa "nauli", anatakiwa simu yake ipokelewe saa tano usiku mtoto akiugua. Mwanamume anayezunguka nyumba za watu saa nne za usiku akifuatana na madereva wawili ni mgombea makini. Mwanamke akifanya hivyo hivyo, asubuhi habari zake ziko sokoni, na si habari za sera. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilihalalishwa na sheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006, na sheria ya gharama za uchaguzi ikaja 2010. Nauli ya mjumbe haijasoma hata moja kati ya hizo.

Na baada ya mjumbe kuna vikao vya juu. Unaweza kuongoza kura za maoni na jina lako lisirudi. Julai 2025 CCM ilirekebisha katiba yake ili Kamati Kuu iweze kurudisha zaidi ya majina matatu kwa kila jimbo yakapigiwe kura, jambo ambalo lenyewe linakuonyesha uzito wa kalamu inayokata. Mlolongo huo wote, kutoka fomu mpaka uteuzi, mwananchi wa kawaida anausikia redioni.

Wanaosema wananchi hawataki wanayo mikoa yao ya mfano, na Mara haikosekani. Wakurya, utaambiwa, hawawezi kutawaliwa na mwanamke. Basi mwaka 2015 Mara ilituletea wawili kutoka majimboni. Esther Matiko alichukua Tarime Mjini. Ester Bulaya alichukua Bunda Mjini kwa kumwangusha Stephen Wasira, mmoja wa wanasiasa wakongwe kabisa nchini, aliyekuwa waziri wakati huo huo. Bulaya alikuwa ametoka CCM muda mfupi tu kabla ya hapo, akasimama na CHADEMA. Ni nini kilibadilika Mara? Mila hazikufutwa mwaka ule. Kilichobadilika ni kwamba chama chenye nguvu eneo lile kiliweka jina la mwanamke kwenye karatasi, na watu waliokuwa wanataka mabadiliko wakakuta mabadiliko yamevaa gauni, wakapiga kura wakaenda zao. (Baadaye wote wawili, pamoja na Halima Mdee aliyeshinda Kawe mara mbili, waliingia kwenye sakata la wabunge 19 wa viti maalum, vile vya wanawake vinavyojazwa kwa orodha za vyama. Hiyo ni habari nyingine, ingawa nayo ni habari ya nani anaandika orodha.)

Wote watatu, Mdee, Matiko na Bulaya, walianzia viti maalum. Hili linanipa shida, maana mimi ni mkosoaji wa viti hivyo. Vilianza 1985 vikiwa 15. Katika Bunge la 2015 na la 2020 vilifika 113. Vimewapa wanawake wengi jukwaa, uzoefu na jina, na bila vyenyewe watatu hao pengine tusingewajua. Lakini vimewapa wanaume wa vyama sentensi wanayoipenda: mama, wewe si mna viti vyenu, jimbo tuachie. Nimeisikia ikisemwa kwa upole kabisa, kama ushauri wa kaka. Na kiti maalum si jimbo. Anayekishika hasimamii mfuko wa jimbo. Katiba haimruhusu kuwa waziri mkuu, kwani lazima atoke miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni. Wanaoamua nani awemo kwenye orodha ni wakubwa wa chama, kwa hiyo uaminifu wake huelekea juu. Kwa hesabu za kimataifa Bunge letu linaonekana limejaa wanawake, na majimbo yanabaki vilevile.

Ubaguzi wa mpiga kura upo, nisije nikaonekana nimevaa miwani ya mbao. Upo na una maswali yake maalum. Mgombea mwanaume akitua kijijini ataulizwa maji yatafika lini. Mwanamke ataulizwa hilo, na kabla ya hilo ataulizwa ameolewa wapi. Akiwa ameolewa nje ya jimbo, huyo ni wa kwa mumewe, akagombee huko. Huko nako ni mtu wa kuja, arudi kwao. Akiwa ameachika, kashindwa nyumba ataweza jimbo? Akiwa hajaolewa, hapo acha tu. Wakenya wana maswali haya haya kwa lafudhi yao. Lakini mwangalie vizuri anayeuliza: mara nyingi ni mpambe wa mgombea mwingine aliyetumwa na swali mfukoni. Likishaulizwa mara tatu mkutanoni linakuwa maoni ya wananchi.

Kenya yenyewe ni ushahidi mzuri. 2017 ndiyo mara ya kwanza magavana wanawake walichaguliwa, watatu. Mwaka 2022 wakawa saba. Katika miaka mitano Wakenya hawakubadilika tabia kiasi hicho. Ukiangalia walivyoshinda utaona Gladys Wanga alibebwa na ODM huko Homa Bay, Wavinya Ndeti na Wiper huko Machakos, na Susan Kihika, Cecily Mbarire, Anne Waiguru na Fatuma Achani walikuwa na UDA, chama kilichokuwa kinapaa. Ukipata tiketi ya chama cha nyumbani, jinsia yako inashuka kuwa suala la tatu au la nne. Kawira Mwangaza wa Meru ndiye anayenitibulia nadharia: alishinda kama mgombea huru, dhidi ya vigogo. Na ndiye huyo huyo ambaye wawakilishi wa wadi walimwandama kwa hoja za kumng'oa mara kadhaa mpaka akang'oka. Wananchi walimpitisha, wanasiasa wenzake wakamkwamisha. Bunge la Kenya nalo lilishindwa miaka nenda rudi kupitisha sheria ya theluthi mbili ya jinsia, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje. Halikuvunjwa.

Marekani nitapita mbio, kwa kuwa kila nikigusa mada hii mtu huniuliza habari za Kamala Harris. Jimbo la Iowa ni la watu weupe kwa zaidi ya asilimia themanini. Lilimpa Obama ushindi 2008 na 2012, kisha likampa Trump 2016, 2020 na 2024. Watu wale wale, au watoto wao. Anayesema Iowa ni ya wabaguzi aeleze 2008. Anayesema Iowa haina ubaguzi aeleze yaliyofuata. Naye Hillary Clinton, anayetajwa kama uthibitisho kwamba Wamarekani walimkataa mwanamke, alimzidi Trump kwa kura karibu milioni tatu. Aliyemkataa ni utaratibu wao wa kuhesabu kwa majimbo.

Turudi nyumbani kwenye mfano ambao kila mtu anaungoja. Samia Suluhu Hassan alipita viti maalum vya Baraza la Wawakilishi mwaka 2000, akachaguliwa jimbo la Makunduchi 2010, akawa mgombea mwenza 2015, na Machi 2021 akala kiapo cha urais baada ya kifo cha Magufuli. Watu husahau kwamba Julai 2015, mkutano mkuu wa CCM Dodoma uliletewa majina matatu ya mwisho ya urais, na mawili yalikuwa ya wanawake: Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Magufuli alipata kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Wapo walionong'ona kwamba wale wawili waliwekwa pale kumsindikiza bwana harusi. Huenda, huenda siyo. Ila hao waliopiga kura walikuwa wajumbe, na hakuna aliyeandika kesho yake kwamba wajumbe wa CCM hawako tayari kwa mwanamke. Sentensi hiyo tumewawekea wananchi.

Je, Oktoba 2025 ilijibu swali? Hapana. Rais alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, lakini CHADEMA haikuwamo, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa. Takwimu hiyo haiwezi kutumiwa na anayesema Watanzania wamemkubali mwanamke, wala na anayetaka kusoma katika ghasia za siku ile kwamba wamemkataa mwanamke. Hasira za vijana waliotoka barabarani zilikuwa na sababu zake, na kuzigeuza kuwa habari ya jinsia ni njia nyingine ya kutowasikiliza. Kipimo halisi cha nchi hii kwa mgombea urais mwanamke bado ni kile cha wagombea kama Anna Senkoro 2005 na Anna Mghwira 2015, wote wawili wa vyama vidogo, wote wawili chini ya asilimia moja. Na wanaume wa vyama vidogo miaka hiyo walipata ngapi?

Kabla sijasikia tena kwamba wananchi hawataki, nataka kuona karatasi moja. Wangapi walichukua fomu za ubunge wa jimbo katika kila chama, wake kwa waume. Nani aliongoza kura za maoni. Nani alirudishwa na vikao, nani hakurudishwa. Tume ya uchaguzi hututangazia wagombea walioteuliwa, yaani inaanza kuhesabu pale mchujo unapoishia. Hiyo nyingine siyo siri ya dola. Iko kwenye faili za makatibu wa wilaya, chama kwa chama, na mwandishi mwenye subira na nauli ya kutosha anaweza kuikusanya kabla ya 2030.